Mikono Nyuma ya Pazia

Nilipokuwa mapokezi kwenye hoteli moja Dubai, swali nililoulizwa mara nyingi kuliko yote lilikuwa sushi nzuri inapatikana wapi. Watalii walirudi kutoka jangwani na mchanga masikioni, wakaegemea kaunta yangu, wakataka samaki mbichi. Mimi ni mtu wa Tanga. Samaki nimekua naye, lakini sikuwahi kumwona mtu akimla kabla hajapita motoni. Niliwaelekeza kwenye migahawa iliyokuwa kwenye vipeperushi vyetu, nikitabasamu, bila kujua ninachokisema.

Asubuhi moja mgeni mmoja, mama wa makamo, alirudi kwangu uso umemsawijika. Akasema mbele ya meneja kwamba nimewapeleka kula uchafu na mume wake amekesha chooni. Meneja hakunifokea. Alingoja mama yule aondoke, kisha akasema, "Ukitaka kubaki hapa mbele, jua unachowaambia watu."

Siku hiyo hiyo, kwenye basi la wafanyakazi, nilikaa makusudi karibu na Mkenya mmoja wa jikoni. Nilijua kwamba ndiye anayekata samaki kwenye meza ya Kijapani ya hoteli yetu. Nikamuuliza sushi nzuri inajulikanaje.

"Wewe mwenyewe unaipenda gani?" akaniuliza.

"Sijawahi kula."

"Na unatuma watu?"

"Ndiyo kazi niliyopewa."

Alinitazama kama mtu anayeamua acheke au anionee huruma. "Ijumaa uko ofu?"

Ndivyo tulivyoanza kuzunguka. Kila Ijumaa, joto likiwa limeukausha mji mpaka barabara zinatikisika machoni, tulikwenda mgahawa mmoja. Yeye ndiye aliyekuwa akichagua. Kabla ya kuingia alisimama mlangoni akavuta pumzi; kukiwa na harufu ya samaki, tuligeuka. Tukikaa, aliagiza kitu kidogo cha kwanza, kibua. Nilimwambia kwetu kibua ni samaki wa kukaanga na kulia ugali, akasema ndiyo sababu anamwagiza. Samaki wa bei kubwa hata mpishi mvivu atamwonea haya, lakini kibua anaharibika upesi, na anayemjali kibua anajali kila kitu. Baada ya hapo aliutazama wali. Uwe na uvuguvugu wa mkono wa mtu, alisema, na ukiutia mdomoni uachane wenyewe.

Migahawa yenye chemchemi ndani na wahudumu waliovaa kimono karibu yote ilikuwa mibaya. Mzuri tuliupata ghorofani, juu ya duka la matairi, una viti tisa tu. Samaki wake alikuja kwa ndege kutoka mbali, akashushwa kwenye mji usio na mto wala mvua, na bado alikuwa mtamu. Mkenya yule alikula macho ameyafumba. Nilimtazama yeye zaidi ya nilivyotazama sahani yangu. Mwaka uliofuata tulifunga ndoa, kwa ruhusa ya wazee kupitia simu.

Kisha ukaja ule ugonjwa wa dunia nzima na hoteli ikabaki tupu. Tuliachishwa kazi pamoja na mamia ya wengine. Mume wangu alikuwa amesimama kwenye meza ya sushi miaka minne, akifundishwa na Mfilipino mmoja aliyejifunza kazi hiyo Japani kwenyewe. Barua aliyopewa wakati wa kuondoka ilitaja kazi aliyoajiriwa nayo siku ya kwanza, msaidizi wa jikoni. Aliikunja akaiweka mfukoni. "Mkono hauhitaji barua," alisema. Niliamini maneno hayo. Nadhani sote wawili tuliyaamini.

Sydney tulikuja kwa viza yangu ya masomo. Mimi nilisomea uuguzi, yeye akaja kama mwenzi. Mwanzo tuliishi Kensington, chumba kimoja ndani ya nyumba waliyopanga wanafunzi wa Kikenya, kisha tukahamia Bankstown ambako angalau tulikuwa na jiko letu. Mume wangu alikuja na furaha ambayo nikiikumbuka leo inaniuma. Kama sushi nzuri ilipatikana jangwani, alisema, sembuse mji uliozungukwa na bahari.

Aliikuta sushi kila mahali. Ilikuwa stesheni, kwenye maduka makubwa, kwenye kantini za shule, minofu ya kuku wa kukaanga imeviringishwa kwa wali baridi na mwani, na mayonezi juu. Hakuidharau kwa maneno. Alipita tu bila kuitazama, kama mtu anayempita jamaa aliyelewa barabarani.

Alikuwa akisafisha ofisi alfajiri, na mchana akizunguka na wasifu wake kwenye bahasha. Aliniambia jinsi mambo yalivyokwenda: wanamtazama yeye, wanaitazama karatasi, wanamtazama yeye tena. Mmoja alimwambia kwa upole kwamba wateja wana matarajio fulani kuhusu nani amesimama kwenye kaunta. Wengine walimpa kazi ya kuosha vyombo. Mahali pamoja alikubali, akaosha miezi minne, akiamini siku moja watamwomba ashike kisu. Hawakumwomba.

Mgahawa mzuri niliupata mimi. Nilikuwa nimeanza kazi katika nyumba ya kulelea wazee, upande wa kaskazini wa daraja la bandari, na mvua ilininyeshea nikitoka zamu ya asubuhi. Nyuma ya stesheni kulikuwa na kichochoro chenye fundi viatu, dobi, na mlango wa mbao usio na picha ya chakula hata moja. Nilisimama chini ya ukingo wake kujikinga na mvua, na bila kufikiri nikavuta pumzi. Hapakuwa na harufu yoyote, ila siki kidogo na mbao zilizosuguliwa.

Jumamosi nilimpeleka mume wangu. Viti vilikuwa kumi na moja. Nyuma ya kaunta alisimama mzee wa Kijapani mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa chini kabisa. Mume wangu aliagiza kibua. Alipotia kipande mdomoni, aliweka mkono wake juu ya wangu na kuuacha pale. Hakuwa mtu wa kunishika mbele za watu.

Mimi nilikuwa naangalia kitu kingine. Mzee alipokuwa hafanyi kazi, kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilizunguka juu ya kidole cha shahada, polepole, kama mtu anayefikicha punje ya mchanga. Aliposhika kisu kilitulia. Alipokiweka kilianza tena. Kazini kwangu nilikuwa na wazee watatu wenye ugonjwa wa kutetemeka, unaoanza namna hiyo, na nilijua unakoelekea.

Njiani kurudi nilimwambia mume wangu, "Yule mzee anaumwa. Baada ya mwaka hataweza kukata."

"Hapana. Umeona vile anakata?"

"Nimeona vile anapumzika."

Tulikwenda tena mara mbili, na mara ya pili akauona mkono ule mwenyewe. Mimi ndiye niliyesema aende siku mgahawa umefungwa, agonge mlango wa nyuma. Nilimwambia, "Usimpe wasifu. Mwambie akupe samaki."

Alikwenda. Alirudi baada ya muda wa saa nne akanisimulia akiwa bado amesimama mlangoni. Mzee alimpa vibua watano, akaketi juu ya kreti kumtazama. Mume wangu aliwatoa miiba, akawatia chumvi, akawaosha kwa siki, akawakata. Mzee alionja kipande kimoja, akauliza alijifunza wapi. Mume wangu akasema jangwani. Mzee alicheka mpaka akakohoa, kisha akavificha vidole vyake chini ya kwapa, akasema aje Jumanne.

Masharti yake aliyasema wazi, sina budi kumtendea haki kwa hilo. Mume wangu angekuwa nyuma ya pazia. Kati ya jiko na kaunta palikuwa na tundu la chini la kupitishia sahani, na mbele ya wateja mzee angeweka kabati la samaki la kumkinga mpaka kifuani. Aliyeketi asingeweza tena kuona mikono yake. Mume wangu angekata samaki na kufinyanga wali nyuma, apitishe chini. Mzee angeinama, achukue kwa mkono wa kushoto, aweke mbele ya mteja.

"Watu hawa wanakuja kwa ajili ya mikono yangu," alimwambia. "Miaka thelathini. Wakikuona wewe, watakula kwa macho. Nivumilie. Nikikaribia kupumzika nitakutoa mbele mwenyewe, nitawaambia huyu ndiye."

Mume wangu aliniuliza nasemaje. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na mtihani wiki ile, na mimba ya miezi mitatu. Nikasema, "Kubali. Ukiwa ndani uko ndani." Kwenye vitabu vya mgahawa aliandikwa msaidizi wa jikoni, kwa sababu mzee hakutaka mhasibu wake aulize maswali. Niliiona karatasi yake ya ajira mezani petu, nikayaona maneno yale yale matatu ya Dubai. Sikusema kitu. Hilo nalikumbuka kuliko yote.

Ilikuwa miaka miwili na miezi michache. Sitasema alikuwa mnyonge, angekataa. Alikuwa akirudi na harufu ya siki kwenye vidole, akanisimulia juu ya samaki fulani kama watu wengine wanavyosimulia mpira. Mzee alimfundisha mambo ambayo Mfilipino hakuyajua. Walizungumza Kiingereza kidogo sana, kilichobaki wakaelewana kwa kuonyeshana. Binti yetu alipozaliwa, mzee alituletea samaki mzima, amefungwa kwenye karatasi na utepe, akamshika mtoto kwa mkono wa kushoto ulio mzima, wa kulia ameuficha mfukoni.

Nilikwenda kula pale mara chache, kama mteja tu. Nilikaa kwenye kaunta nikijua mume wangu yuko hatua tatu nyuma ya kitambaa cha buluu. Mtu wa pembeni yangu angesema, "Hebu onja, umri ule na bado mikono haijachoka," na mzee angeinamisha kichwa kupokea sifa. Niliwahi kumkazia macho. Aliyakwepa, akaniwekea kipande cha ziada.

Katika mwaka wa pili, mmoja wa wauza samaki, aliyekuwa akiingia kwa mlango wa nyuma na kwa hiyo akijua siri, alimwambia mume wangu kwamba kuna mgahawa mpya katikati ya mji unatafuta mtu, na mwenye nao hajali rangi ya mtu. Mume wangu alilifikiria jambo hilo siku mbili.

"Nikiondoka, atafunga mwezi huo huo," aliniambia. "Hawezi hata kukata tango."

"Muulize ni lini atakutoa mbele."

"Nimemuuliza."

"Akasema?"

"Baada ya mwaka mpya."

Akabaki. Sikumshinikiza aondoke. Nilimheshimu kwa kubaki, na hata sasa namheshimu, ingawa heshima hiyo haijatusaidia kitu.

Mzee alianguka bafuni kwake kabla mwaka haujaisha. Alivunjika nyonga. Mume wangu alikwenda hospitali kila siku mchana, akakaa naye. Siku moja aliniambia mzee amejaribu kuandika kitu kwenye kipande cha karatasi, lakini mkono ulichora mistari tu, na sauti yake ilikuwa imekwisha kuwa ya chini mno. Nilitaka kuiona karatasi ile. Mume wangu alisema muuguzi ameitupa pamoja na trei ya chakula. Wiki ya tatu mapafu yalijaa, akafariki.

Binti wa mzee alikuja kutoka mji mwingine. Alikuwa mwanamke wa umri wangu au zaidi kidogo, mhasibu wa kampuni moja huko, aliyevaa vizuri na kuongea taratibu. Mazishini watu wengi walisimama kuizungumzia mikono ya baba yake. Mume wangu alikaa safu ya nyuma na suti aliyoazima kwa jirani yetu Mkongo, mikono ikimtokeza kwenye mikono ya koti. Mimi nilikuwa na mtoto mapajani. Alisikiliza yote.

Baada ya wiki mbili tulikwenda kumwona binti pale mgahawani, alipokuwa akifungasha vitu. Wakala wa viza alikuwa ametuambia kwamba barua inayothibitisha kwamba mume wangu alikuwa mpishi wa sushi, kwa miaka ile, ingemfungulia njia yake mwenyewe ya ukaazi na ya kazi. Mume wangu alieleza kila kitu, kwa utaratibu, kuanzia ile siku ya vibua watano. Yule mwanamke alisikiliza akiwa ameshika bakuli alilokuwa akilifunga kwa gazeti.

"Nilijua anatetemeka," akasema hatimaye. "Nilimwona Krismasi akimwaga chai. Nilijiuliza anawezaje kazini. Sikutaka kujua."

"Sasa unajua," nikasema.

"Naamini mnachosema." Aliliweka bakuli chini. "Lakini nikikiandika, kila aliyekula hapa miaka hii miwili alidanganywa na baba yangu. Jina lake ndicho kitu pekee alichoniachia. Siwezi kulitia sahihi hilo."

Nilifungua mdomo kujibu. Mume wangu akanigusa kiwiko. Alimwambia mwanamke yule pole kwa msiba, akamsaidia kushusha masanduku mawili yaliyokuwa juu ya kabati, tukaondoka. Baada ya siku chache barua ilikuja kwa posta. Ilikuwa nzuri, imejaa shukrani. Ilisema alikuwa msaidizi wa jikoni mwaminifu, aliyepika wali na kutunza usafi, na kwamba marehemu alimpenda sana.

Yule mwenye mgahawa wa katikati ya mji alikuwa amekwisha kumpata mtu. Mume wangu alijaribu mahali pengine pawili. Mahali pa kwanza walimwuliza amefundishwa na nani, na alipotaja jina la mzee, mpishi mkuu alisema yeye mwenyewe alikuwa akila pale na hajawahi kumwona. Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayesahihisha anwani. Mume wangu hakubishana. Mahali pa pili hawakupiga simu.

Sasa anafanya kazi kwenye ghala la vyakula vilivyogandishwa, kwenye mitaa ya viwanda kule Villawood. Ukaazi tuliupata kupitia kazi yangu, na yeye yumo kwenye karatasi kama mwenzi, kama alivyokuja. Anavaa glovu mbili mbili, na hata hivyo baridi imemwingia kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia. Ncha zake hazina hisia. Niligundua alipoegemeza mkono kwenye sufuria ya moto asistuke. Nilimwambia aende kwa daktari, akaenda, akaambiwa abadilishe kazi. Hajabadilisha. Nyumbani napika mimi, na samaki nikinunua namnunua amekwisha kukatwa. Hatukukubaliana hivyo. Imetokea tu.

Jumapili moja tulipotoka kanisani nilimwambia kitu nilichokuwa nimekibeba. Nilimwambia mimi ndiye niliyemtuma kwa mzee, na ndiye niliyesema akubali, na kwamba niliiona ile karatasi nikanyamaza.

"Hata mimi niliiona," akasema.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nataka kukata samaki." Alimshika mtoto mkono, maana tulikuwa tunavuka barabara. "Ungenikataza ningeenda tu."

Sijui kama ni kweli. Inawezekana alisema ili nipate kulala. Hatujalizungumza tena.

Mwaka huu kazini tulipokea mama mmoja mzee, mjane, aliyekuwa amekaa mtaa huo huo wa kazini kwangu maisha yake yote. Kiharusi kilimchukua upande mmoja wa mwili, lakini maneno yamemrudia. Juzi nilikuwa namlisha, kijiko baada ya kijiko, akaniangalia mkono wangu nilivyouweka imara chini ya kidevu chake. Akaniambia kwamba nyuma ya stesheni palikuwa na Mjapani mmoja, yeye na marehemu mume wake walikula kwake kila kumbukumbu ya ndoa, na kwamba mara ya mwisho kabisa, mwaka ule aliofariki mzee, ndipo chakula kilipokuwa kitamu kuliko miaka yote.

"Mume wangu alitoa machozi," alisema. "Ulikuwa mlo wetu wa mwisho wa nje. Mikono ya ajabu, yule mzee."

Nilikuwa na kijiko hewani. Ningeweza kumwambia. Hapakuwa na mwingine chumbani, na mwenye jina amekwisha kuzikwa. Nikamfuta mdomo, nikasema nafurahi kwamba walikula vizuri, nikamlisha kilichobaki bakulini.

Nyumbani nilimkuta mume wangu jikoni ananichambulia mchicha, mtoto yuko chini anachora na kumjibu kwa Kiingereza kila anachosemeshwa kwa Kiswahili. Nikamweleza yote, neno kwa neno, hata yale machozi. Alinisikiliza akiendelea kuchambua. Kwa vidole vile viwili majani yanamponyoka, kwa hiyo anatumia vingine.

"Huyo mama," akauliza, "bado anaweza kula?"

"Vya kusagwa tu. Akila kigumu anapaliwa."

"Maskini," akasema, akakusanya mashina ya mchicha, akayatupa.